Mama Pole na Neno la Ukutani

Mwanaume mwenye shati la mistari anapiga kaunta kwa kiganja, na kalamu iliyofungwa kwa uzi inaruka. Anataka cherehani yake. Ni kichwa cheusi chenye gurudumu la pembeni, kilichopakiwa kwenye basi Jumatatu, na leo ni Alhamisi, na hakuna anayejua kimeshukia kituo gani.

Nyuma ya kioo ameketi mwanamke wa miaka hamsini na minne, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Anajibu upesi na kwa adabu.

"Pole sana, kaka. Tumeshapiga simu vituo vyote. Ikipatikana tutakuita."

"Pole nitashonea? Mama, nina sare za watoto wa watu nyumbani, zimekatwa vipande vipande, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Nimesema ni blanketi la kijani. Blanketi lenyewe nili—"

"Blanketi la kijani, nimekuelewa, kaka. Ikipatikana tutakuita."

Mwanaume anasogea kwenye kioo. Ni fundi cherehani, na vidole vyake vina alama za sindano. "Wewe ndiye yule Mama Pole wanayemsifia?" anauliza. "Basi wamekosa wa kumsifia."

Mlango unabamizwa nyuma yake mpaka tangazo la nauli linapinda ukutani.

Mama Pole, kama anavyoitwa na kituo kizima, anapeleka mkono nyuma ya sikio la kushoto. Hapo pamekaa kifaa cha rangi ya kahawia, kidogo kama korosho, na anakigusa kama mtu anayehakikisha ufunguo uko mfukoni.

"Wiki tatu zilizopita mtu huyu angeondoka ananiaga kwa jina," anasema. "Pole ni ileile. Mdomo ni uleule. Sasa pameharibika wapi?"

Swali hilo linamnyima usingizi, na ana sababu. Jumamosi anatakiwa kusimama mbele ya makarani wa vituo vyote vya kampuni hii ya mabasi, awafundishe jinsi ya kumtuliza mteja aliyepotelewa na mzigo. Meneja ameshatamka kwamba watakaoweza watabaki kaunta, na wasioweza watahamishiwa uwanjani, kwenye kupakia. Kwa kifupi, Mama Pole anatakiwa kufundisha kitu ambacho kimemkimbia yeye mwenyewe, na kimeondoka bila kuaga.

Ofisi ya mizigo ni chumba kimoja kirefu chenye harufu ya mpira na vumbi. Rafu zimejaa ndoo zilizofungwa kwa kamba za tairi, masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa, na televisheni moja ambayo mwenyewe hajawahi kuja kuiulizia. Chini ya rafu ya mwisho limelala gunia zito lisilo na lebo, ambalo wiki hii limegeuzwa ngazi. Kila anayetaka kufikia rafu ya juu analikanyaga.

"Hapa hakuna anayekuja akiwa na furaha," anasema Kipaza, mtangazaji wa safari, ambaye dirisha lake limepakana na kaunta. "Mwenye furaha ni yule ambaye mzigo wake umefika, na huyo hatumjui."

Mama Pole aliingia hapa miaka ishirini na miwili iliyopita akiwa mfagiaji. Siku moja karani hakufika, na bibi mmoja alikuwa akilia kwa sababu ya kapu lililopotea. Mfagiaji akaegemeza ufagio, akakaa naye kwenye benchi mpaka kapu lilipoonekana. Msimamizi wa wakati huo akaona, na kesho yake akamwambia aje na nguo za ofisini.

Tangu hapo sifa zake zimetembea kuliko mabasi yenyewe. Watu waliingia wamefura, wakatoka wakimtumia salamu mume wake ambaye hawajawahi kumwona. Mmoja wao, mtu aliyepotelewa na godoro, alirudi baada ya miezi miwili na mche mzima wa sabuni mkononi.

"Akaniambia, 'Mama, ule ushauri wako umeniponya, mke wangu amerudi,'" anasimulia Mama Pole, na hapa anacheka mpaka anavua miwani. "Ushauri gani? Mpaka leo sijui. Siku ile basi lilikuwa linaunguruma hapo nje, mimi nilikuwa namtazama mdomo tu na kuitikia kwa kichwa. Nilidhani tunazungumzia godoro."

Hiyo ndiyo siri aliyoifunika miaka yote ishirini na miwili. Sikio lake la kulia lilikufa utotoni kwa homa kali. La kushoto limekuwa likififia taratibu. Nyumbani walijua. Kazini hakumwambia mtu, kwa sababu aliwahi kumwona mlinzi mmoja mzee akirudishwa kwao mara tu ilipogundulika haoni vizuri, na alikuwa na watoto wa kulisha. Mshahara wake wakati ule haukufika nusu ya wa dereva, lakini ndio uliokuwepo.

Akabuni namna yake ya kufanya kazi. Kioo kilimkatia sauti, kwa hiyo alitoka nje ya kaunta na kukaa na mteja kwenye benchi. Alikaa kulia kwa mteja, ili sikio lake zima liwe upande wa mwenye maneno. Aliinama karibu. Aliwatazama watu usoni, maana macho yalilisaidia sikio. Na kwa sababu aliogopa kusema "unasema?" mara tatu, alikuwa akiyarudia yeye maneno ya mteja, polepole, ili kama kakosea asahihishwe.

"Mtu akisema ndoo mbili, nami nasema, 'Ndoo mbili. Za bluu?' Akisema, 'Hapana, nyekundu, ya mama yangu,' basi nimeshapata na ya mama yake," anasema. "Sikuwa na ujanja mwingine. Kuuliza si ujinga, lakini nilijua kuuliza sana kungenifukuzisha kazi."

Kisha likaja neno.

Lililetwa na meneja mpya. Alirudi kutoka semina akiwa na mkoba mpya na kitenzi kimoja cha Kiingereza, akakiandikisha kwa herufi nyekundu juu ya kioo cha kaunta: CHARM. Chini yake, kwa herufi ndogo, kila mfanyakazi aliagizwa kukitenda kwa kila mteja.

Shida ni kwamba hakuna aliyejua kinatendwaje. Kipaza alishikilia kuwa maana yake ni kuvutia, kama tangazo la sabuni. Mpakiaji mmoja akambishia, kwamba katika kamusi ya shemeji yake ameona kwa macho yake imeandikwa kuroga. Mwingine akasema huko mtaani kwake jambo hilo huitwa kutongoza, na yeye ana mke. Kabla ya wiki kwisha neno lilikuwa limeshavaa nguo za Kiswahili, na watu walisalimiana kwalo asubuhi: "Umeshachami wangapi?"

Mume wa Mama Pole, dereva wa malori aliyestaafu, alipata habari hizo mezani.

"Kwa hiyo mama watoto siku hizi anaenda kazini kuroga watu," alisema, "na mshahara ni uleule?"

Meneja aliitisha kikao kwenye karakana ili afafanue. Alisema kitenzi hicho kina maana ya kumfanya mtu akupende kabla hajajua kwa nini. Alisema pia, na hapa ndipo wengi walipozidi kupotea, kwamba kinatumika kwa mema na kwa mabaya. Muuguzi anaweza kumchami mgonjwa ili asiogope, na tapeli anaweza kumchami mjane ili amwibie. Ni kitenzi hichohicho. Kisha akanyoosha kidole. Mfano hai, akasema, ni huyu hapa, na kama yuko tayari atawafundisha wenzake wa vituo vyote.

Nyuma yake fundi wa magari alikuwa akijaribu injini.

"Niliitikia kwa kichwa mara tatu," anasema Mama Pole. "Mara ya kwanza kwa heshima. Ya pili kwa sababu wote walikuwa wananitazama. Ya tatu walipiga makofi, nami nikapiga."

Kesho yake Kipaza alimpa mkono na kumwambia, "Hongera, mwalimu." Ndipo alipojua alichokubali.

Alipomsimulia binti yake, msusi wa nywele, binti hakujua acheke au alie. "Mama, siku moja utaitikia talaka yako mwenyewe," alimwambia. Kwa mwaka na nusu binti huyo alikuwa akidunduliza ili amnunulie mama yake kifaa cha kusikilizia, ambacho bei yake ni mshahara wa mama huyo wa miezi minne. Alipanga kumpa mwisho wa mwaka. Badala yake akampeleka kliniki wiki ileile.

Siku ya kwanza Mama Pole alishtuka kusikia kandambili zake mwenyewe. Alisikia bomba la uani likidondosha maji, akasikia mume wake akiongea usingizini, akitukana malori ya zamani. Lakini kilichomliza ni kingine.

"Mjukuu wangu ana kithembe," anasema, na machozi yanamlengalenga tena. "Ana miaka minne. Miaka yote minne ananiita, na sikujua kwamba ana kithembe."

Basi furaha ilikuwa nyumbani. Kazini mambo yalianza kwenda mrama.

Alisikia kila kitu kupitia kile kioo, kwa hiyo hakuwa na haja ya kukizunguka. Alisikia mara moja, kwa hiyo hakuwa na haja ya kurudia. Alimaliza sentensi za wateja kabla hawajazimaliza wao, akatoa majibu sahihi, na wateja wakaondoka wamenuna. Wawili walimlalamikia kwa meneja ndani ya wiki moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alijaribu kutabasamu zaidi, kama neno la ukutani linavyotaka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamuuliza, "Dada, unanicheka?"

Jumanne aliamua kujaribu njia nyingine. Alikitia kifaa kwenye mkoba, akarudi kwenye benchi, akainama kama zamani. Haikumfaa.

"Nilijiona tapeli," anasema. "Zamani nilikuwa sisikii kweli. Sasa najitia kiziwi na dawa iko mkobani. Nikamkumbuka yule tapeli aliyetajwa na meneja, anayemwibia mjane. Nikasema, je, ndiye mimi?"

Jioni hiyo alimwambia mume wake jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, na anakubali liandikwe hapa. Inamuuma. Kwa miaka ishirini na miwili alijihesabu kuwa mtu mwema, na huo wema ndio utajiri pekee aliokuwa nao kazini. Sasa anaona huenda watu walikuwa wanaupenda uziwi wake. "Kama ni hivyo, mimi nilikuwa wapi?" anauliza.

Mzee alimwambia tu avae kifaa. "Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Lako limefufuka, wewe unataka kulizika tena? Vaa. Mjukuu ana mengi ya kukwambia."

Jumamosi asubuhi makarani kumi na wawili wameketi kwenye mabenchi ya abiria, madaftari magotini. Meneja amesimama pembeni na tai mpya. Mama Pole amevaa kitambaa chake cha sikukuu, na mikono haijui pa kukaa.

"Kuchami," anaanza, "ni kumvutia mtu." Anajisahihisha. "Si kumvutia. Ni kumfanya akupende. Hapana, akupende ya nini, amekuja kutafuta ndoo."

Makarani wanaandika, kisha wanafuta.

"Samahani, mama," anauliza karani mmoja wa kike kutoka kituo cha mbali, kwa upole kabisa. "Kwa hiyo tutabasamu au tusitabasamu?"

"Tabasamu ukiwa na sababu, mwanangu."

"Na kama sina?"

Mama Pole anamtazama, halafu anamtazama meneja, halafu anatazama lile neno jekundu ambalo halimsaidii kitu. Anapeleka mkono sikioni, anakivua kifaa na kukiweka mezani mbele ya watu wote.

"Mimi sisikii vizuri," anasema. "Tangu utotoni. Na hata siku niliyokubali kuwafundisha, sikusikia nakubali nini."

Wanacheka, wakidhani ni utani, kisha wanaacha mmoja mmoja. Dirishani kwake Kipaza, aliyekaa naye jirani miaka tisa, anashika kichwa kwa mikono miwili. Baadaye atasema alikuwa akijiuliza ni mara ngapi amemwita akadhani anamringia.

Mama Pole anaendelea, maana ameshaumwaga mtama na kuku ni wengi. Anaeleza habari za benchi, za kukaa kulia kwa mteja, za kurudia maneno. Kisha anachukua pamba kwenye sanduku la huduma ya kwanza, anaigawa, na kuwaomba wajizibe masikio wawili wawili. Mmoja awe mteja, mwingine karani.

Ingekuwa vizuri kuandika kwamba somo lilifana. Ukweli ni kwamba liligeuka soko. Kwa kuwa hawasikiani, wote wanapiga kelele. Jozi moja inagombana kweli, kwa jambo la zamani la zamu za sikukuu. Karani mwingine anasukuma pamba ndani kupita kiasi, na inabidi atafutwe mtu mwenye kibanio. Ni yule karani wa kituo cha mbali tu, na mwenzake mwenye kipara, waliosogeleana kwenye kona wakitazamana midomo. Wanapoulizwa wamejifunza nini, mwenye kipara anasema hajui, ila amejikuta amemweleza mwenzake kwamba mama yake ni mgonjwa, na hilo halikuwa kwenye zoezi.

"Sasa mimi niandike nini kwenye ripoti?" anauliza meneja wakati mabenchi yanarudishwa.

"Andika tumejaribu," anasema Mama Pole.

Meneja si mtu mbaya, na hafichi kwamba amechanganyikiwa. Kanuni za kampuni zinasema karani wa kaunta awe na afya timamu, na hajui kama sikio limo kwenye hiyo afya. Atauliza makao makuu. "Alipokuwa hasikii, wateja walimpenda. Amepata kusikia, wanamlalamikia," anasema, akilegeza tai. "Nikiwaeleza hivyo watasema mimi ndiye mwenye matatizo ya kusikia."

Saa nane mchana, fundi wa cherehani anarudi. Safari hii hapigi kaunta. Amekuja kama mtu aliyekuja kutazama kaburi. Ameshawaambia wazazi watatu kwamba sare hazitakuwa tayari, na wa nne ameshindwa kumpigia.

Kifaa kimerudi sikioni. Mama Pole anamsikia tangu mlangoni, anasikia hata anavyohema. Jibu la "ikipatikana tutakuita" liko tayari kwenye ncha ya ulimi.

Analimeza. Anainuka, anazunguka kioo, na kukaa naye kwenye benchi, kuliani kwake, kwa mazoea.

"Niambie tena, kaka. Tangu mwanzo."

"Si nilishakwambia, mama."

"Uliniambia. Niambie tena."

Fundi anashusha pumzi. "Ni kichwa cha cherehani."

"Kichwa cha cherehani. Bila meza."

"Bila meza. Nimekifunga kwa blanketi la kijani."

"Blanketi la kijani," anasema Mama Pole. Anasikia gari likirudi nyuma uwanjani, anasikia Kipaza akikohoa, na haongezi neno.

"La kijani," anasema fundi. "Blanketi lenyewe nililitia ndani ya gunia, maana lilikuwa la marehemu mama, sikutaka lichafuke."

Mama Pole anageuza shingo polepole. Chini ya rafu ya mwisho, mpakiaji amesimama juu ya gunia akivuta ndoo ya mtu.

"Shuka hapo, mwanangu," anamwambia.

Kamba inakatwa. Pindo la kijani linachomoza, na nyuma yake chuma cheusi. Siku zote hizo vituo vilikuwa vikipekua blanketi la kijani, na hapa ofisini watu walikuwa wamelikanyaga. Fundi anapiga magoti na kulizungusha lile gurudumu la pembeni. Linazunguka.

Anapoulizwa baadaye kama hicho alichofanya ndicho kile kitenzi, anatikisa kichwa, na safari hii anajua anakataa nini. "Sijui kama nimemchami au nimemsikiliza tu. Sijui hata kama yale ya zamani yalikuwa wema au uziwi. Ila Alhamisi nilimsikia vizuri sana, na nikamkata kauli."

Anachokijua ni anachokitaka. Makao makuu yakimwacha kaunta, ataomba kioo kiondolewe, na benchi liletwe ndani. Yakimhamishia uwanjani, anasema, ataenda na kifaa chake, na huko nako kuna watu wa kuzungumza nao. Hatakivua tena. Anataka kumsikia mjukuu mpaka kithembe kiishe, na kama hakiishi, akisikie hivyohivyo.

Fundi ameshajitwika gunia begani na yuko mlangoni, sare za watu zinamngoja. Anageuka nusu.

"Asante, Mama Pole."

Mama Pole anainamisha kichwa upande wa kushoto. "Unasemaje, kaka?"

Fundi anarudi hatua mbili na gunia lake begani, anainama karibu na sikio lake, na kulisema neno lake tena.

Mama Pole alikuwa amelisikia tangu mara ya kwanza.